Mabuyu ya Shilingi Ishirini

Mimi tarumbeta sikujifunzia chuoni, nilijifunzia harusini. Kwetu Majengo, Mombasa, beni, yaani ngoma ya tarumbeta za harusini, ikipita mtaani, kina mama wamejifunga leso wanavunja viuno, mtoto hakai ndani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikiifuata ile bendi kama kuku nyuma ya kapu la mtama, mpaka mpulizaji mmoja mzee akachoka na mimi akanipa tarumbeta nimbebee. Siku aliponiruhusu kupuliza, mbuzi wa jirani alikata kamba.

Damu ya kwetu ndiyo hiyo. Zamani Mombasa ilikuwa na vikundi vya beni vilivyoshindana, Kingi na Skochi, na babu alikuwa Skochi wa kufa. Bibi hudai kuna posa ya shangazi iliyorudishwa kwa sababu ukoo wa bwana harusi ulikuwa Kingi. Bibi huongeza chumvi, lakini hii naiamini.

Beni unapiga huku unatembea, juani, na ukikosea hakuna anayejua. Jazi ni balaa nyingine: watu wamekaa kitako wanakutazama wewe, na muziki wenyewe unaubuni papo hapo. Mpiga kinanda wa hoteli moja ya Nyali alinisikia harusini akaniita kwenye bendi yake. Nikafanya mazoezi miezi mitatu. Usiku nikawa namtazama Louis Armstrong, gwiji wa tarumbeta ya jazi, kwenye simu. Sauti yake sikuipata, nikaambulia hankachifu: ile nyeupe, kubwa, anayojifutia uso. Nilinunua yangu Mwembe Tayari nikaipiga pasi mara mbili. Suti nyeupe nikaazima.

Jumamosi ikafika. Joto la Februari, taa zinawaka, na kinywa changu kimekauka kama soli ya kiatu. Tarumbeta haitaki midomo mikavu. Mfukoni nilikuwa na pakiti ya mabuyu ya shilingi ishirini niliyomnunulia mpwa wangu. Nikasema moja tu, la kuleta mate. Yule mzee wa beni alinifundisha jambo moja kabla ya yote: usipulize na sukari kinywani. Nililikumbuka vizuri. Nililikumbuka nikiwa kwenye buyu la saba.

Ndani ya tarumbeta mna vali tatu zinazopanda na kushuka, na zimekaa kwenye mirija yake bila nafasi ya kupita unywele. Zinapenda mafuta mepesi. Shira hazitaki.

Wimbo wa kwanza ulipita salama. Wa pili ulikuwa na zamu yangu ya kupiga peke yangu, na hapo hapo vali ya pili ikazama, ikakataa kurudi. Nabonyeza, wapi! Miles Davis, gwiji mwingine wa tarumbeta, alisifiwa kwa noti alizoziacha. Mimi niliziacha zote isipokuwa nne. Nikazizungusha hizo hizo, nimefumba macho kama mtu mwenye uchungu wa maana. Watu wakapiga makofi!

Kichwa kikavimba. Nikabonyeza kile kitufe cha kumwagia mate, nisitazame chini. Nikachomoa hankachifu, nikajifuta mdomo taratibu, kisha nikaipunga juu kama Armstrong mwenyewe.

Mama mmoja wa meza ya mbele akapiga ukelele.

Hankachifu ilikuwa nyekundu. Sakafu nyekundu, kiatu cheupe kina matone. Nikatabasamu kuwatuliza, na meno yakawa ndiyo yaliyomaliza kazi. Mhudumu akaja mbio na kiti. Mpiga ngoma akasimama akipiga kelele, "Si nilimwambia apumzike! Mapafu hayo!" Mzungu mmoja wa miwani akajitambulisha kuwa daktari wa meno, akanishika taya, akanimulika na tochi ya simu. Kila nikitaka kueleza, ananiambia nisizungumze.

Nyuma kabisa akainuka mama wa buibui, mtu mzima, anatembea bila haraka. Akasema yeye ni nesi. Akaichukua hankachifu, akaisogeza puani.

"Iliki," akasema.

Ukumbi kimya.

"Mwanangu, ni ya pilipili haya, au ya kawaida?"

"Ya pilipili, mama."

"Yamebaki?"

Nikampa pakiti. Alirudi kwenye meza yake anatafuna, na yule daktari akamfuata nyuma kuuliza ni kitu gani. Mpiga kinanda alikuwa amelaza paji la uso juu ya kinanda, mabega yanamtikisika; nilidhani analia. Mimi nikaenda jikoni, nikafungua vali moja moja na kuziosha kwa maji ya vuguvugu, wapishi wamenizunguka, mmoja anauliza kama naweza kumpigia beni siku akioa.

Asubuhi mpwa wangu akaulizia mabuyu yake. Nikamwambia yameliwa na daktari wa meno.