Ukiipenda besiboli ukiwa Lamu, chagua timu kwa saa

Kofia ya New York Yankees imejaa Lamu. Utaiona kwa nahodha wa mashua, kwa mchukuzi wa mawe, kwa kijana anayeswaga punda wa mchanga, na katika kumi wanaoivaa huenda asiwepo hata mmoja anayejua kwamba ni kofia ya timu ya besiboli. Basi mtu akishanaswa na mchezo huu huanzia pale pale kichwani: timu yangu ndiyo hii. Taabu yote inayomfika baadaye ilianza siku hiyo.

Mechi ya jioni ya New York huanza saa 1:05 usiku kwa saa za kule. Kwetu ni saa 8:05 usiku. Inakwisha karibu saa 11 kasorobo, adhana ya Alfajiri ikinukia. Kama ni fainali ya kandanda, mara moja kwa mwaka, mtu hukesha akajisifu. Lakini ligi kuu ya Marekani ina mechi 162 kwa kila timu, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, karibu kila siku iendayo kwa Mungu. Hakuna mwili wa mvuvi, fundi wala karani unaoweza hayo. Wanaojaribu huacha mwezi wa Mei, kisha husema besiboli inachosha. Kilichowachosha ni ratiba ya timu waliyochagua.

Kwa hiyo shauri langu ni moja: chagua timu kwa saa, kofia baadaye.

Hesabu yenyewe si ngumu. Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, sisi hatusogezi kitu. Kwa hivyo msimu karibu wote New York iko nyuma yetu kwa saa 7, Chicago saa 8, Los Angeles saa 10. Sasa tazama Chicago Cubs. Uwanja wao, Wrigley Field, haukuwa na taa hadi Agosti 1988, na hata leo wanacheza mechi nyingi za mchana nyumbani kuliko wengine. Mechi ya saa 7:20 mchana Chicago kwetu ni saa 3:20 usiku: umeshaswali Isha, umeshakula, umeketi barazani. Saa 6 usiku imekwisha, unalala kama binadamu.

Au nenda upande wa pili kabisa, magharibi: Los Angeles, San Diego, San Francisco, Seattle. Mechi yao ya saa 1:10 usiku kwetu ni saa 11:10 alfajiri. Anayeamka kuswali habahatishi, ameshaamka tayari. Atasikiliza huku mahamri yanaumuka, na ikifika saa 2 kasorobo asubuhi matokeo yako mkononi na kazi haijaanza. Mimi naona hizi ndizo timu za mtu wa pwani. Boston, New York na Philadelphia tuwaachie walinzi wa usiku. Kama moyo umeshakwama huko, basi chukua Jumapili tu, kwa sababu Jumapili wengi hucheza mchana: saa 7:35 mchana kwao ni saa 2:35 usiku kwetu.

Jihadhari na tarehe. Simu ikiandika mechi ni Jumanne jioni kwa saa za New York, kuna watu hukaa macho Jumanne usiku tangu saa 2, wakaona kimya, wakalala kwa hasira. Mechi ile ni ya usiku wa kuamkia Jumatano. Lugha yetu ina neno lake tayari, tulitumie. Na kwenye programu ya ligi weka saa za Nairobi, kisha uhakikishe unasoma AM na PM kwa kuondoa saa 6, maana 2:05 AM si saa 2.

Jambo la pili ni masikio. Video ya mechi moja, kwa kasi ya megabiti 2.5 kwa sekunde, hula karibu gigabaiti 1.1 kwa saa, yaani gigabaiti 3 kwa mechi. Zidisha kwa 162 uone kama hiyo si bei ya injini ya boti. Redio ya intaneti kwa kilobiti 64 kwa sekunde hula megabaiti 29 kwa saa, na mechi nzima haifiki megabaiti 80. Msimu wote ni kama gigabaiti 12 na nusu. Watangazaji wa besiboli wa redio wana kazi ya miaka mingi ya kumchorea mtu asiyeona. Watakwambia mpira umepita wapi, mlinzi amesimama hatua ngapi kushoto, upepo unavuma kuelekea ukuta gani. Video mbovu inayokwama kila dakika 3 haikupi hata nusu ya hayo.

Bando nalo lina mtego wake. Lile la bei rahisi la mpaka saa 6 usiku linatosha mechi ya saa 2:35. Lakini mechi ya mchana ya Jumapili huko Los Angeles huanza saa 5:10 usiku kwetu, na bando litakufa kipindi cha tatu, beisi (vituo vya wakimbiaji) zimejaa. Nunua la saa 24. Zima pia arifa za programu, la sivyo simu itakwambia kwamba homrani, pigo la kuvuka ukuta, imepigwa sekunde 30 kabla ya mtangazaji kuinua sauti. Redio ya intaneti huchelewa nyuma ya matukio, arifa haichelewi.

Tangu 2023 mrushaji anahesabiwa sekunde: 15 kama beisi ni tupu, na kama kuna mkimbiaji zilikuwa 20, zikapunguzwa kuwa 18 mwaka 2024. Kanuni hiyo iliteremsha wastani wa mechi kutoka saa 3 na dakika 4 hadi saa 2 na dakika 40. Wazee wa mchezo walinung'unika. Kwa sisi tunaosikiliza usiku, dakika 24 ni usingizi.

Sasa daftari. Hapa ndipo ushabiki wa mbali unaposhinda ule wa kukaa mbele ya runinga, na ninasisitiza hata kama wengi wataniona mkaidi. Chukua daftari la hesabu, lile la viboksi. Ukurasa mmoja timu moja. Safu 9 za kulala kwa wapigaji 9, kila safu uiachie mstari mtupu chini kwa ajili ya mchezaji wa akiba. Nguzo 9 za wima kwa vipindi 9, na 3 za ziada. Tumia penseli na kifutio, kalamu ya wino itakutia aibu.

Walinzi wana namba zao zisizobadilika, na hazihusiani na namba za migongoni: mrushaji 1, mdakaji 2, wa beisi ya kwanza 3, wa pili 4, wa tatu 5, yule wa kati ya beisi ya pili na ya tatu ni 6, kisha nje kushoto 7, katikati 8, kulia 9. Kinachowavuruga wanaoanza ni huyo 6. Wanamfanya 5 kwa kufuata mpangilio wa uwanja, na ukurasa wote unaharibika.

Kipindi kimoja kinaandikwa hivi. Mpigaji wa kwanza anapiga mpira wa chini, 6 anauokota, anamrushia 3. Kwenye kiboksi chake andika 6-3, na pembeni duara lenye 1, yaani auti (mtu aliyetolewa) ya kwanza. Wa pili anapewa mirusho minne mibaya, anatembea beisi ya kwanza bure: andika BB, chora mstari kutoka katikati ya upande wa chini wa kiboksi hadi katikati ya upande wa kulia. Wa tatu anapiga tena kwa 6. Huyu anamtupia 4, aliyeikanyaga beisi ya pili, na yule aliyetembea ameshakufa. 4 anamrushia 3 kabla mpigaji hajafika. Kwenye kiboksi cha mpigaji andika 6-4-3 na duara la 3. Rudi kwenye kiboksi cha yule wa BB, kata mstari wake, mwandikie duara la 2. Watu watatu, auti tatu, zamu yao ya kupiga imekwisha, na hakuna pointi. Kwenye redio yote hayo yalichukua dakika 5. Ukiusoma ukurasa ule mwezi wa Januari utaona miguu ikikimbia.

Anayetolewa kwa straiki tatu, yaani mirusho mizuri aliyoikosa au kuiacha, huandikiwa K. Kama ya tatu aliiangalia tu bila kuzungusha gongo, K hiyo huandikwa imegeuka nyuma. Ni alama ndogo, lakini inabeba kebehi nzuri sana. Makosa ya kawaida ni kusahau kubadilisha jina mrushaji anapotolewa. Kipindi cha sita au cha saba hutolewa karibu kila mechi, na ndiyo saa ambayo kope za msikilizaji zimekuwa nzito. Chora mstari mzito pale pale jina jipya linapotajwa, mambo mengine utayajaza baadaye.

Upande wa machungu, hakuna mchezo unaofunza kufungwa kama huu. Los Angeles Dodgers walitwaa ubingwa wa 2025 baada ya msimu wa ushindi 93 na vipigo 69. Mshabiki wa kandanda akifungwa mara 69 angehama mji. Seattle Mariners walishinda mechi 116 mwaka 2001, kisha wakatolewa na Yankees kabla ya kufika fainali. Chicago White Sox walipoteza 121 mwaka 2024, na bado walishinda 41. Mpigaji anayefaulu mara 3 katika 10 huhesabiwa hodari. Aliyevuka 4 katika 10 kwa msimu mzima mara ya mwisho kwenye ligi hiyo ni Ted Williams, mwaka 1941, aliyemaliza na .406, yaani mara 406 katika 1,000. Siku ya mwisho hesabu yake ingekadiriwa kuwa .400 kama angekaa benchi, naye akacheza mechi mbili siku hiyo na kufaulu mara 6 katika 8.

Na hao Cubs ninaokupendekezea? Walikaa bila ubingwa tangu 1908 hadi 2016, miaka 108. Waliupata asubuhi ya tarehe 3 Novemba kwa saa zetu, 8 kwa 7, kipindi cha 10, baada ya mvua kusimamisha mechi dakika 17 huko Cleveland. Mechi haina saa ya kumalizia, inaendelea hadi mmoja ashindwe. Mechi ya tatu ya fainali ya 2025 ilikwenda vipindi 18, saa 6 na dakika 39: aliyeanza kuisikiliza saa 9 usiku hapa Lamu aliimaliza karibu saa 4 asubuhi. Tajiri wa timu naye anaweza kukuhama. Mashabiki wa Oakland walishangilia timu moja tangu 1968, na baada ya msimu wa 2024 ikafunga virago. Hakuna kiboksi cha daftari kinachoandika kipigo hicho.

Upweke ni uchungu mwingine. Pale uwanja wa Mkunguni kila mzee ana neno la kumsahihisha mcheza bao, lakini ukitaja mechi ya jana ya San Diego utaangaliwa kama umeota. Usianze kueleza kwa kriketi, anza na raunda ya shule ya msingi: kina mama wengi waliicheza, wanajua kupiga na kuzunguka vituo vinne. Ongeza mawili tu. Mpira ukidakwa kabla ya kugusa chini, mpigaji ametoka. Na mpira uliopigwa ukapotoka nje ya mistari huhesabiwa straiki, isipokuwa kwa kawaida hauwezi kuwa ya tatu. Yaliyobaki yatakuja yenyewe. Kijana akiuliza kama kuna Mwafrika, mtajie Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyekulia ndani ya klabu ya besiboli Randburg. Mwaka 2017, akiichezea Pittsburgh, alikuwa wa kwanza kuzaliwa Afrika na kufika ligi hiyo, na mara yake ya kwanza kushika gongo alipata beisi.

Msimu wao unakwenda sawasawa na pepo zetu. Unaanza kaskazi ikififia, unapita masika, unakolea kusi ikichafua bahari na wavuvi wengi wako nchi kavu, unakwisha tanga mbili. Kaskazi yote ni kimya. Kwa mtu wa Los Angeles ni baridi ya kusubiri, kwetu ndiyo miezi ya kazi na wageni, kwa hiyo hasara si kubwa.

Mechi moja inakula kurasa 2. Daftari la kurasa 96 linabeba mechi 48, kwa hiyo anayeandika zote 162 anunue manne. Anayechukua Jumapili tu ana kama mechi 26, daftari moja linamtosha, na kurasa 44 zinabaki kwa Oktoba.