Dokumentari za majimbo ya Marekani: mi naangalia kwanza nani kashika kamera

Mi napenda sana dokumentari, na za Marekani nimefika mahali sizitaki tena zile zinazoongelea nchi nzima kwa mkupuo, New York kidogo, Los Angeles kidogo, basi. Nataka za jimbo moja moja. Shida ni kwamba nyingi zimetengenezwa kama tangazo la utalii, droni inapita juu ya milima, muziki laini, msimulizi anataja mwaka jimbo lilipojiunga na muungano, chakula cha huko, imeisha, na hujamjua hata mtu mmoja wa pale.

Chukua Kentucky. Huku kwetu ukilitaja hilo jina mtu anawaza kuku wa kukaanga, anayejua zaidi atakwambia Muhammad Ali kazaliwa Louisville. Lakini mashariki mwa jimbo, kwenye milima ya Appalachia, maisha yalikuwa makaa ya mawe, na huko ndo zimetoka dokumentari mbili ambazo kila mtu anayependa haya mambo azitafute.

Ya kwanza ni Harlan County, USA ya Barbara Kopple, ya 1976, iliyochukua Oscar. Inahusu mgomo wa mgodi wa Brookside ulioanza 1973 ukaenda miezi 13, wachimbaji wanataka mkataba kupitia chama chao, kampuni imekataa. Kuna mama anamwogesha mtoto kwenye beseni sababu nyumba za kampuni hazina maji ya bomba, na hakuna msimulizi anayekuja kukueleza umaskini ni nini, unaliona tu lile beseni na yule mtoto. Mahakama ikapunguza idadi ya wachimbaji wanaoruhusiwa kusimama getini, wake zao wakaingia barabarani na fimbo, mmoja anachomoa bastola kifuani kabisa! Kijana Lawrence Jones anapigwa risasi anakufa, ana mke mdogo na mtoto mchanga, na ni baada ya huo msiba ndo kampuni ikasaini. Kopple si mtu wa Kentucky, katokea New York, ila alikaa nao, alfajiri gizani yupo nao getini, vurugu zikija na yeye zinampata.

Ya pili, Stranger with a Camera ya Elizabeth Barret, 2000, yenyewe ndo imenikaa kichwani zaidi. Mwaka 1964 rais Johnson alienda kwenye baraza ya familia maskini huko huko mashariki mwa Kentucky kunadi vita yake dhidi ya umaskini, na baada ya hapo kamera zikamiminika, kila mtu anataka picha ya mtoto mchafu pekupeku. Sasa 1967 mtengeneza filamu kutoka Kanada, Hugh O'Connor, anamrekodi mchimbaji barazani kwenye nyumba ya kupanga, mwenye nyumba akaja na bunduki akamuua. Kesi ya kwanza wazee wa baraza wa mahakama hawakukubaliana, na mwisho yule mwenye nyumba alikaa jela mwaka mmoja tu. Barret ni mzaliwa wa milima hiyo, hamtetei muuaji hata kidogo, ila anauliza kwa uchungu hivi mtu anayepiga picha umaskini wa mwenzake anadaiwa nini na huyo mwenzake. Mi naona hilo swali kila mwenye kamera inabidi alijibu kabla hajawasha.

Barret alitokea Appalshop, karakana ya filamu iliyoanzishwa 1969 pale Whitesburg, huko huko mashariki mwa Kentucky, ili vijana wa milimani wajirekodi wenyewe. Julai 2022 mafuriko yaliingia mpaka kwenye kumbukumbu zao, kanda za miaka na miaka zikalowa tope, kwakweli iliniuma.

Na Kentucky ya leo ina Waswahili, Lexington na Louisville kuna Wakongo wengi mno wanaongea Kiswahili kanisani na majumbani. Jamani mlioko huko, anzeni kuwarekodi wazee wenu sasa hivi, hata kwa simu, waongee Kiswahili chao bila kukatwa, kabla hajaja mtu wa wiki moja na droni yake.