Cheti cha Usalama wa Chakula Hakianiki Mahindi

Siku hizi si ajabu kuona kwenye mfuko wa unga au kopo la siagi ya karanga alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na pembeni yake maneno yanayosema kwamba mtengenezaji ana cheti cha ISO 22000, kiwango cha kimataifa cha mifumo ya usalama wa chakula, au anafuata HACCP, mfumo wa kubaini hatari na kuzidhibiti katika hatua muhimu za uzalishaji. Wanunuzi wengi huvichukulia vyote hivyo kuwa kitu kimoja, ilhali ni viwili. Alama ya ubora huhusu bidhaa yenyewe: sampuli zake zimepimwa na zimekidhi kiwango. Cheti cha mfumo hakisemi lolote kuhusu mfuko ulioushika mkononi. Kinasema tu kwamba kiwanda kimejipanga, yaani kimebaini hatari zinazoweza kuingia kwenye chakula, kimechagua hatua za kuzizuia, kinaweka kumbukumbu za kila siku, na kinajua la kufanya pale kipimo kinapovuka mpaka.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtetezi wa mfumo huo, na sababu yangu ni ile ile iliyoufanya ubuniwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Pillsbury ya Marekani ilipopewa kazi ya kuwatengenezea chakula wanaanga wa NASA, wataalamu wake waligundua kwamba ili kuwa na uhakika kwa kupima bidhaa iliyokwisha kutengenezwa, wangelazimika kuteketeza maabarani sehemu kubwa ya kila walichokizalisha. Wakaamua kuacha kuusubiri mwisho wa mstari na kuanza kuidhibiti hatari pale inapoingilia. Tume ya Codex, inayoweka viwango vya chakula vya kimataifa, iliipokea miongozo ya HACCP mwaka 1993, ISO 22000 ikatoka mwaka 2005 na kuhuishwa mwaka 2018, lakini wazo la msingi halijabadilika tangu enzi za vyombo vya anga: tafuta mlango wa hatari, usimame hapo.

Malalamiko yangu ni kwamba katika ukanda wetu tumesimama kwenye mlango wa mtu mwingine.

Chukua sangara wa Ziwa Victoria. Kati ya mwaka 1997 na 2000, Kenya, Uganda na Tanzania zilifungiwa soko la Ulaya kwa awamu, mara kwa hofu ya bakteria, mara kwa kipindupindu, na mwaka 1999 kwa sababu ya wavuvi waliokuwa wakitumia sumu za kuulia wadudu kuvua samaki. Sharti la Umoja wa Ulaya lilikuwa bayana: kila nchi iwe na mamlaka moja yenye meno, viwanda vifuate HACCP, na samaki wakaguliwe kuanzia mwaloni wanakoshushwa. Ajira zilikuwa hatarini na fedha za kigeni zilikuwa zimekatika, kwa hiyo kila serikali ilikimbia. Maabara ziliimarishwa, viwanda vilikarabatiwa, wakaguzi walifundishwa, na nchi zikaruhusiwa moja baada ya nyingine, Kenya ikiwa ya mwisho. Yale yaliyodhaniwa kuwa hayawezekani katika nchi maskini yaliwezekana kwa muda mfupi, kwa kuwa mlaji wa minofu ile alikuwa na uwezo wa kusema hanunui.

Sasa linganisha na mahindi, ambayo mlaji wake ni sisi. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na maeneo jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa sumukuvu aina ya aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu, na 125 wakafariki dunia baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Uchunguzi uliofanywa katika masoko ya eneo hilo ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya sampuli za mahindi na bidhaa zake zilivuka maikrogramu 20 za aflatoksini katika kilo moja, kiwango kilichokuwa kikiruhusiwa Kenya wakati huo, na nyingine zilipita 1,000. Mwaka 2016 zamu ikawa yetu Watanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Hao ndio waliougua ghafla. Wale wanaokula kidogo kidogo kwa miaka hawahesabiwi katika tukio lolote, ingawa aflatoksini imethibitishwa kusababisha saratani ya ini.

Anayeujua mnyororo wa mahindi atakubali kwamba mlango wa hatari hii hauko kiwandani. Kuvu huanza shambani, hasa mmea unapobanwa na ukame, kisha hustawi mahindi yanapomwagwa kwenye udongo badala ya turubai, yanapopukuchuliwa kabla hayajakauka, au yanaporundikwa ndani yakiwa na joto na unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5 na aflatoksini yote isizidi maikrogramu 10 katika kilo. Sumu ikishaingia, kupika hakuiondoi. Ugali unaochemka hadi unakwangua sufuria unabaki nayo kwa sehemu kubwa. Kukoboa kunasaidia kwa kiasi, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye pumba na kiini, na hapo ndipo wapenzi wa dona, nikiwemo mimi, tunapopaswa kuwa waangalifu zaidi kuhusu mahindi tunayopeleka mashineni. Hali ni mbaya zaidi kwa unga wa lishe wa watoto, ambao huchanganya mahindi na karanga, mazao mawili yanayoongoza kwa sumu hii, halafu ukapewa mtoto aliyeanza tu kulishwa kama chakula chake kikuu.

Kuna ugumu mwingine ambao wahusika wa maabara wanaujua vizuri. Aflatoksini haisambai sawasawa ndani ya gunia. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote ya shehena. Mkaguzi anayechota kikombe kimoja juu ya gunia moja anaweza kupata majibu safi huku gunia la tatu likiwa na sumu ya kutisha. Kwa sababu hiyo kiwanda kinachotegemea kupima unga uliokwisha kufungashwa kinacheza bahati nasibu, hata kama karatasi zake zote ziko sawa.

Na karatasi kuwa sawa si jambo gumu. Mfano ninaourudia kwa wenzangu ni wa Peanut Corporation of America, kampuni ya karanga iliyokuwa na kiwanda mjini Blakely, Georgia. Mwaka 2008 kiwanda hicho kilikaguliwa na kupewa daraja la juu kabisa, na ndani ya miezi michache karanga zake zilikuwa zimesambaza bakteria wa salmonela waliosababisha watu zaidi ya 700 kuugua na 9 kufa. Mkaguzi alilipwa na aliyekaguliwa, na menejimenti ilikuwa ikisafirisha bidhaa ikijua kwamba vipimo vimeonyesha bakteria. Mkuu wa kampuni alihukumiwa kifungo cha miaka 28 mwaka 2015. Huko kulikuwa na sheria kali, maabara tele na wanasheria wa kutosha. Bado cheti kilidanganya. Sioni kwa nini tudhani chetu kitakuwa na aibu zaidi.

Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, mjadala wetu uligeuka haraka kuwa wa ujirani na biashara. Baada ya siku chache zuio liliondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha aflatoksini iko chini ya maikrogramu 10. Wengi tulifurahi malori yaliporuhusiwa. Kilichonisumbua ni kwamba mahindi yale yale, yasipovuka mpaka wa Namanga kuingia Kenya, hayaulizwi na mtu. Yanakwenda kwenye mashine ya kusaga ya mtaani, ambayo haijawahi kuona mkaguzi wa mfumo wowote na ambayo, kwa haki, haiwezi kumudu gharama za ISO 22000.

Kwa hiyo sipendekezi kila mwenye mashine atafute cheti. Ninachotaka ni vifaa na maarifa vipelekwe kule hatari inakoingilia. Afisa ugani akiwa na kipima unyevu kinachofanya kazi anazuia sumu nyingi kuliko kabati lililojaa miongozo. Pale kipimo kinapokosekana, ipo njia ya chumvi ambayo wakulima wengi wanaimudu: weka mahindi kwenye chupa iliyo kavu, ongeza chumvi kavu, tikisa, subiri kwa dakika chache, chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi kwa kuhifadhiwa. Viwanda vyenye vyeti, kwa upande wao, vibanwe vionyeshe kumbukumbu za mapokezi: nani aliuza mahindi haya, yalikuwa na unyevu gani, mangapi yalikataliwa. Kiwanda ambacho hakijawahi kukataa hata lori moja kwa msimu mzima kinastahili kuulizwa maswali magumu kuliko kile chenye sakafu iliyopasuka.

Lakini hata haya yatakwama tusipogusa bei. Mkulima anayeanika mahindi yake hadi yafikie asilimia 13.5 anapoteza uzito, na mnunuzi anayefika na mizani shambani humlipa kwa kilo ile ile anayomlipa jirani aliyeuza yakiwa na unyevu wa asilimia 18. Katika kilo 100 za mahindi ya unyevu huo, kukausha ipasavyo huondoa zaidi ya kilo 5 za maji, na kwa utaratibu wa sasa hizo ni kilo 5 za fedha ya mkulima. NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, na wasagaji wakubwa wana nguvu ya kubadili hesabu hii kwa kutangaza, kabla ya mavuno na si baada yake, bei inayopanda kadiri unyevu unavyoshuka. TBS, iliyokabidhiwa masuala ya chakula mwaka 2019 kutoka TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, ingeweza kuifanya bei hiyo kuwa sehemu ya kile wakaguzi wake wanachokiuliza wanapoingia kiwandani: si tu mahindi yalipimwaje, bali aliyeyakausha alilipwa nini.