Dua ya Mama bila pilau

Mwaka jana, siku ya dua ya mwaka ya marehemu Mama, watu waliondoka nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, wakiwasifu wapishi. Niliwasikia mwenyewe, nimesimama mlangoni nawaaga. Mmoja alisema pilau imekolea viungo. Mwingine akasema hajala nyama laini kama ile tangu Idi. Mzee mmoja alinishika mkono, akaniombea kheri, kisha akaniuliza wapishi tumewatoa wapi, maana mwezi ujao anaoza binti. Nikampa namba ya simu.

Usiku ule usingizi ulinikataa. Hitima, kisomo cha Kurani nzima, ilisomwa, juzuu 30 tumegawana, dua ikaombwa vizuri, wala hakuna mgeni aliyekosa sahani. Lakini tangu asubuhi mpaka mlango unafungwa, sikumsikia mtu hata mmoja akimtaja Mama kwa jambo alilowahi kulifanya. Jina lake lilipita kwenye dua tu. Na chakula kilichopita mikononi mwa watu hakikumhusu kabisa. Mama, Mwenyezi Mungu amrehemu, pilau aliipika Idi mbili za mwaka, basi. Mama alikuwa mtu wa vitumbua na mbaazi.

Ndiyo maana nimeona niandike. Naamini dua ya mzazi inafaa ipikiwe kile alichokuwa akikipika yeye, na kipikwe na wanawe kwa mikono yao. Najua kauli hii itawaudhi baadhi ya ndugu zangu, na mmoja wao tayari imemuudhi.

Mama aliuza vitumbua na mbaazi kwenye baraza letu, Barabara ya 14, kwa zaidi ya miaka ishirini. Baba alikuwa kibarua bandarini. Meli ikiwapo kuna hela, meli isipokuwapo hakuna. Vitumbua vilikuwapo kila siku, na ndivyo vilivyonunua madaftari yetu. Kaka alikuwa ameshaanza kujitafutia, dada alikuwa bado mdogo, kwa hiyo kazi ya kukuna nazi ikaniangukia mimi, mtoto wa kiume. Saa kumi alfajiri nimekalia mbuzi, macho bado mazito, taa ya chemli iko pembeni. Mama hakuwa mtu wa kufoka. Akipita akiona machicha yameanza kupata weusi, ataiokota ile nusu ya nazi, aigeuze kwenye mwanga wa taa, kisha aseme, "Mwanangu, umeshafika kwenye kifuu. Acha hapo." Basi. Weusi ule ukiingia kwenye tui hautoki, na kitumbua kinakuwa kama kimepakwa majivu.

Nazi alinunua soko la Mgandini, na hakukubali kuchaguliwa na muuzaji. Alizitikisa moja moja sikioni. Yenye maji ya kucheza aliichukua. Iliyo kimya aliirudisha, maana ile imekauka au imeoza ndani. Koroma alilikataa pia, kwa sababu tui lake ni jepesi na halina mafuta. Mchele wa vitumbua hakununua ule mzuri. Alichukua chenga, kwa sababu mchele utasagwa hata hivyo, na tofauti ya bei ndiyo faida yenyewe. Iliki alikuwa na mama mmoja wa Muheza aliyekuja nayo kutoka Amani, huko milimani Usambara, punje bado zina ukijani. Akishaimenya huwezi kukaa karibu na kinu bila kumeza mate.

Nitaeleza alivyokuwa akipika, kwa sababu nimechoka kusikia kwamba mapishi ya akina mama hayaelezeki. Yanaelezeka. Yanataka subira tu ya kuyaeleza.

Mchele vikombe viwili, chambua, osha, loweka tangu usiku. Asubuhi chuja maji, usage pamoja na tui zito kikombe kimoja na robo hivi. Zamani tulitwanga kwenye kinu na kuchekecha, siku hizi blenda inatosha, ila usiwe na haraka. Chukua uji kidogo, usugue kati ya vidole viwili. Ukihisi chengachenga kama mchanga wa ufukweni Raskazone, saga tena. Tia sukari nusu kikombe, iliki punje saba au nane zilizotwangwa, hamira kijiko kimoja cha chai. Mama aliongeza kijiko kikubwa cha wali uliolala, akausaga humohumo. Alisema wali huo ndio unaokishika kitumbua kisimeguke mkononi. Funika, weka mahali penye joto mpaka uumuke na utoe mapovu juu. Msimu wa kaskazi, joto limekaza, saa moja inatosha. Wakati wa kusi subiri zaidi, na usiujaribu kabla haujawa tayari, kwa sababu uji ambao haujaumuka unatoa kitumbua kizito kinachokaa tumboni kama jiwe.

Kikaango kipate moto sawasawa kwanza. Tia mafuta kijiko kidogo kila shimo, mimina uji karibu ujae, kisha punguza makaa. Ukiona kingo zimeachana na chuma na juu pameanza kukauka, geuza kwa kijiti. Vya raundi ya kwanza Mama hakuviuza hata siku moja. Alituwekea sisi, kwa sababu kikaango kilikuwa bado hakijatulia.

Mbaazi ndizo zenye siri, kama siri ipo. Zilowekwe kuanzia magharibi. Chemsha, maji ya kwanza mwaga, tia mengine, ziive mpaka punje ipondeke kati ya vidole bila kuvunjika sufuriani. Chumvi bado. Mama alisema ukiitia mapema mbaazi zinakakamaa, utamaliza mkaa wako bure. Zikishaiva ndipo tui la pili na la tatu, lile jepesi, pamoja na kitunguu, manjano kidogo, chumvi, na pilipili mbuzi nzima ambayo haijapasuliwa. Pilipili inaingia ili itoe harufu. Anayetaka ukali ataibonyeza kwenye sahani yake. Maji yakishapungua, tui la kwanza linaingia, na hapo hutoki. Unachota kwa upawa unarudisha, unachota unarudisha, mpaka lichemke. Ukigeuka kumjibu mtu dirishani, tui linakatika, na lililokatika haliungiki.

Watu huniambia nitumie tui la boksi. Nimelitumia, nakaa Dodoma na nazi nzuri huko sizipati kila siku. Kwa mchuzi wa haraka linafaa. Kwa mbaazi za Mama halifai, na sababu naijua: limetiwa vitu vya kulizuia lisitengane, kwa hiyo halikatiki, lakini halitoi pia yale mafuta yanayoelea juu yenye rangi ya manjano na harufu ya nazi mbichi. Mtu aliyekulia kwenye baraza letu atajua kwa tonge la kwanza.

Niliwahi kumwomba Mama vipimo kwa simu, mara yangu ya kwanza kujipikia huko Dodoma. Chumvi kiasi gani? "Kiasi." Tui je? "La kutosha." Nikakasirika. Likizo iliyofuata nilisimama naye jikoni na kikombe. Kila alipotaka kutia kitu kwa mkono nilimzuia, nikamwaga kwenye kikombe, nikaandika. Alinivumilia asubuhi nzima. Vipimo nilivyowapa hapo juu vilitoka siku ile, na karatasi bado ninayo, ina doa la mafuta pembeni. Kwa hiyo simlaumu mwanamke anayesema kiasi. Yeye kiasi chake kiko mkononi, na mkono huo umepika kitu kimoja mara elfu kadhaa. Wa kulaumiwa ni sisi tunaoridhika na jibu hilo kwa sababu tunajua chakula kitakuja vyovyote vile.

Turudi kwenye dua. Mwaka huu nilipomwambia kaka kwamba safari hii hakuna pilau, alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani laini imekatika. Halafu akasema, "Mdogo wangu, watu watoke Pangani, watoke Muheza, uwape vitumbua? Wataka tusemwe?" Na hoja yake si ya kupuuza. Kwetu pwani mgeni anapokelewa kwa kilicho kizuri kuliko vyote, na kwenye shughuli kilicho kizuri ni pilau. Kaka ndiye mkubwa wetu. Jina la ubahili likitoka, litamwangukia yeye, mimi nitakuwa nimesharudi Dodoma.

Nikamjibu kwamba sipunguzi gharama. Hela ileile itoke, ila iingie kwenye nazi, mchele, mbaazi na iliki, na shughuli ihamie asubuhi baada ya sala ya alfajiri, kwa sababu vitumbua chakula chake ni cha asubuhi. Waalikwe watoto wa chuo cha Kurani cha jirani kwanza, ambao Mama aliwakatia bei miaka yote, na asiye na hela akapewa kimoja mkononi aende. Nikamkumbusha kaka kisa cha Saad bin Ubada, sahaba wa Mtume, ambacho yeye ndiye aliyenisimulia nikiwa mdogo. Mama yake alifariki naye hayupo. Aliporudi akamuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama sadaka atakayoitoa kwa niaba yake itamfaa. Akajibiwa ndiyo. Akatoa bustani yake. Hakuuliza watu watasemaje.

Siingii kwenye mjadala wa masheikh kuhusu hitima na arobaini, huko kuna wenye elimu yao. Nasema kama mtoto. Tukishakubali kwamba tunatoa chakula ili thawabu zimfikie mzazi, basi naona kina uzito zaidi chakula kilichotoka kwenye ujuzi wake. Vitumbua vya Mama ni kazi yake. Alitufundisha, na tunapovigawa bado ni yeye anayegawa. Ile pilau ya mwaka jana ilikuwa kazi ya watu wema tuliowalipa, na sifa waliyoipata ilikuwa haki yao.

Kuna jambo jingine lililonisukuma. Siku Mama alipofariki, masika yakiwa yamepamba moto na maji yamejaa barabarani, jirani yetu, bibi wa nyumba ya pili, alivuka maji yale na kawa kichwani. Alileta wali wa nazi na mchuzi wa ng'onda, samaki wa kukausha. Hatukuwa tumemwambia mtu kwamba tuna njaa, hatukujua wenyewe. Alikaa chini, akatupakulia, akatuangalia mpaka tumekula. Mtume alipopata habari ya kuuawa kwa binamu yake, Jaafar bin Abi Talib, vitani huko Muuta, aliagiza familia yake ipikiwe, kwa kuwa imefikwa na jambo la kuishughulisha. Bibi yule hakuhitaji kukumbushwa. Na mpaka leo nikitaka kuikumbuka siku ile bila kuumia sana, naikumbuka kwa ule wali. Chakula kinaweza kumbeba mtu namna hiyo. Kwa nini tusimbebe Mama kwa chakula chake?

Kaka alikubali, kwa shingo upande. Dada akaja kutoka Korogwe na kikaango chake, tukaongeza cha Mama ambacho kilikuwa kimewekwa juu ya kabati kimefungwa gazeti. Tulisafisha kutu, tukakipaka mafuta, tukakichoma mpaka kikarudi weusi wake. Tulipiga hesabu ya watoto sitini, vitumbua vitatu kila mmoja, na mbaazi kwa wakubwa. Chenga kilo nne, mbaazi kilo nne, nazi kumi na nane.

Saa nane usiku nilikalia mbuzi ileile. Mguu mmoja umeanza kuoza na mchwa, nikautilia kigae chini. Nazi ya tatu mkono uliuma, ya kumi nikaacha kuhesabu. Dada alikamua tui kwa kifumbu, la kwanza akaliweka peke yake. Tulikuwa hatusemi mengi. Kuku wa jirani walipoanza kuwika nilisikia mlango wa uani, nikageuka, nikamwona kaka amesimama na kanzu yake, amekunja mikono. Hakuuliza kitu. Akachukua kijiti, akaenda kukaa kwenye kikaango cha Mama, akaanza kugeuza. Sikuwa najua kwamba anajua.

Watoto walikula kwenye baraza, wengine wamesimama barabarani. Wazee wakasoma, dua ikaombwa. Na watu wakaanza kusimulia bila kuombwa. Mwanamume mmoja mwenye mvi alisema alikuwa akipewa kitumbua kwa deni tangu darasa la pili, na deni halikudaiwa mpaka amemaliza la saba. Mama mmoja alisema Mama ndiye aliyemfundisha kutotia chumvi mapema kwenye mbaazi, mwaka alioolewa.

Bibi wa nyumba ya pili alikuja mwisho, anatembea kwa fimbo. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikamwekea kiti na sahani. Alimega kitumbua, akakisogeza karibu na macho, akakigeuza kwenye mwanga.

"Nazi nani kakuna?"

"Mimi, bibi."

"Umefika kwenye kifuu, mwanangu."

Akala, akanyoosha mkono achukue kingine.