Mstari mweupe ulioelekea kusiko

Nimelipima kwa kalipa behewa jipya la mfano, yaani nakala ndogo ya behewa la kweli, lililoingia sokoni mwaka huu, mfano wa lile la makaa ya mawe la tani 16 ambalo lilitumika kwa wingi Uingereza baada ya reli za nchi hiyo kutaifishwa mwaka 1948, na kwa maoni yangu mtengenezaji amefaulu palipo pagumu, kisha akateleza palipo pepesi kabisa. Sisi wa Unguja, ambao reli yetu ya Bububu ilikwishang'olewa zamani, hatuna behewa la aina hiyo la kwenda kulitazama, kwa hiyo hukumu yangu inategemea michoro na picha.

Kipimo cha mfano huu ni milimita 4 kwa kila futi moja. Behewa lenyewe lilikuwa na urefu wa futi 16 na inchi 6 bila ya bafa (vile vidude vya nchani vya kupokea mgongano), na ekseli zake ziliachana kwa futi 9, hivyo mfano unatakiwa uwe na milimita 66 na 36, na ndivyo ulivyo. Hilo linastahiki sifa, kwani watengenezaji wa zamani walizoea kuweka fremu ileile ya futi 10 chini ya mabehewa ya kila namna ili kupunguza gharama. Ni kweli kwamba njia ya reli ya mfano ina upana wa milimita 16.5 wakati hesabu inadai 18.83, lakini kasoro hiyo ni ya mfumo mzima, na sioni haki kulitwisha behewa moja. Rangi ya kijivu inatosha. Wako watakaobishana juu yake mpaka alfajiri, mimi simo.

Kinachonikera ni mstari mweupe wa mshazari ulio ubavuni. Ncha moja ya behewa ilikuwa na mlango wenye bawaba juu, ili behewa liinamishwe na makaa yamwagike, na mstari huo ulipanda kuelekea kwenye ncha hiyo, mfanyakazi apate kujua pa kuinamishia bila ya kulizunguka. Basi ukiwa ubavu mmoja unapanda kuelekea kulia, ubavu wa pili hauna budi kupanda kuelekea kushoto. Katika mfano huu unapanda kulia pande zote mbili, maana yake upande mmoja unaonyesha ncha isiyo na mlango. Nadhani chanzo ni wenzo wa breki, ambao kwa kanuni za Uingereza mshikio wake hukaa kulia kwa anayelitazama behewa, awe upande wowote. Hilo limezingatiwa vizuri, na mchapaji wa mstari akafuata mkumbo.

Anayesema kuwa mstari ni pambo tu, na ampelekee nahodha wa Malindi jahazi la mfano ambalo mlingoti wake umeegemea nyuma, aone atakavyopokelewa.

Kwa bei waliyoiweka, kosa hili halisameheki. Atakayelinunua hata hivyo aufute mstari wa upande uliokosewa kwa pamba iliyotiwa spiriti, kidogo kidogo, bila ya kuigusa namba iliyo karibu, kisha auchore upya kwa brashi nyembamba. Mtengenezaji naye, akitaka kutoa toleo la pili, ana kibao kimoja tu cha kuchapia cha kubadilisha.