Binti wa hesabu hahitaji hotuba nyingine

Wasichana wa sekondari hapa Malindi huletewa wageni wa kuwatia moyo. Mgeni husema "hesabu si ngumu", picha zinapigwa, soda zinanywewa, gari linaondoka. Mimi nafundisha hesabu na sina ugomvi na soda. Lakini hesabu ni ngumu, ya chuo kikuu ndiyo usiseme, na kumficha mtoto hilo ni kumwekea aibu mbele: siku akikwama ataona kasoro ni yake.

Ninayemwazia ni yule ambaye tayari amefaulu. Mgiriama wa Marafa au Mbajuni wa Faza, ana shahada ya kwanza ya hisabati, anataka uzamili, kisha uzamivu. Nyumbani hakuna anayejua uzamivu ni mdudu gani. Nani atamwambia msimamizi wa tasnifu huchaguliwa vipi, au kwamba kukaa wiki nzima na swali moja bila jibu ndiyo kazi yenyewe?

Binti mmoja niliyemfundisha zamani alinitumia picha ya uthibitisho wake kwa WhatsApp. Alitakiwa aonyeshe kuwa kwa kila epsiloni ipo delta yake (hizo ni herufi za Kigiriki zinazosimama badala ya namba kubwa kuliko sifuri). Yeye akaandika kwamba ipo delta moja inayozitosha epsiloni zote. Nikamwandikia: "Mwanangu, kila mtu ana mama. Je, yupo mama mmoja wa watu wote?" Akajibu, "Ala! Nimeona, mwalimu," na usiku ule ule karatasi mpya ikaingia, safi. Hapo hotuba ingesaidia nini?

Marekani walilitambua pengo hili. Mwaka 1998 Sylvia Bozeman wa Spelman College na Rhonda Hughes wa Bryn Mawr walianzisha mpango wa EDGE. Unawachukua wanawake wanaokaribia kuanza masomo ya uzamivu, hasa kutoka jamii zisizoonekana sana kwenye hisabati, wanasoma pamoja kipindi cha kiangazi, na wakishaingia chuoni hawaachwi mkono. Afrika nayo ina chama cha wanawake wanahisabati tangu 2013. Kwa hiyo mbegu ipo.

Na asiniambie mtu mambo haya ni ya mbali. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapo Ngomeni, na meneja wa mradi huo kwa upande wa NASA alikuwa mwanamke, mhandisi Marjorie Townsend. Je, ni binti gani wa Ngomeni aliyekaa kando yake akaziona zile hesabu?

Basari za kaunti hulipa karo, na ni vyema. Ningetaka kafungu kadogo kamlipe mwanamke aliye kwenye uzamivu, saa mbili kwa wiki, awasomee wadogo zake watatu wa kimasomo uthibitisho wao mstari kwa mstari. Nasema alipwe. Wanawake wa huku wameshalea watoto wa wenzao bure vya kutosha.