Ami Yangu na Moshi wa Gari la Rimoti

Ami yangu alimaliza umri wake wote wa kazi akitengeneza injini za malori katika gereji za Wadi Kabir, hapa Muscat, na katika miaka hiyo alijijengea imani moja ambayo hakuna aliyewahi kuitikisa: injini inayotoa moshi ni mgonjwa, na fundi anayeiachia itoe moshi ni mwizi. Kwa lori imani hiyo ina msingi, kwa kuwa moshi wa buluu huonyesha kwamba ringi zimekwisha na oili inapanda kuungua pamoja na dizeli. Balaa lilianza pale alipokubali mwaliko wangu wa kuja kutazama mashindano ya magari yetu ya rimoti, katika uwanja wa udongo tuliouchonga wenyewe kando ya wadi kavu, yaani bonde la mto usio na maji, ambako sisi wenye asili ya Unguja, Pemba na Mombasa hukusanyika asubuhi za Ijumaa katika miezi ya baridi. Alikuja na wazee wenzake, mkeka, dele la kahawa, sinia la haluwa, na bisibisi yake mfukoni. Kuhusu bisibisi hakuniambia.

Msomaji asidhani kwamba nazungumzia vitu vya kuchezea watoto. Gari langu ni la kipimo cha moja ya nane ya gari halisi, lina uzito wa kilo tatu na ushee, na injini yake ya sentimita za ujazo 3.5 huzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika, kiasi kwamba likipata njia iliyonyooka hufika kilomita 70 kwa saa bila kusukumwa na maneno. Chakula chake ni methanoli iliyochanganywa na nitromethani, ambayo katika dumu ninalotumia ni asilimia 25, pamoja na mafuta ya kulainisha yenye mbarika ndani yake. Injini hii haina mahali pa kuwekea oili. Oili yote inayoipata huja ndani ya mafuta yenyewe, ikapita kwenye beringi na pistoni, kisha ikatokea kwenye ekzosi ikiwa moshi mweupe unaoning'inia nyuma ya gari. Moshi huo ndio uhai wake, na siku ukikatika, anza kutafuta fedha.

Nilimweleza ami haya yote kwa adabu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Anayetaka moshi, mwanangu, akakoke tanuri la chokaa."

Kuisawazisha injini ya namna hii ni kazi ya sindano mbili za kabureta. Ya kwanza hupima mafuta wakati kabureta imefunguka wazi, ya pili hupima wakati gari linapoondoka kutoka kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma taratibu bila kuongezwa mafuta, na pembeni kuna skrubu ndogo inayoacha mwanya usiofika milimita moja ili injini isizimike unapoachia. Ukizibana sindano, mafuta hupungua, nguvu hupanda, na joto nalo hupanda. Ukizilegeza, injini hulowa, hukohoa na kusinzia. Bisibisi haizungushwi zaidi ya sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko kwa mara moja, yaani kutoka namba moja ya uso wa saa hadi inayofuata, kisha gari hukimbizwa uwanjani mara kadhaa na mwenyewe husikiliza kabla ya kuigusa tena. Asubuhi yenye unyevu wa bahari haina hesabu sawa na asubuhi kavu. Ukipanda Jebel Akhdar, ambako uwanda wa Saiq uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi itakulazimisha ubane, na ukisahau kulegeza utakaporudi pwani, injini utaizika Muscat.

Wenye uwezo hupima joto kwa kifaa cha miale, na kichwa cha silinda kikisoma kati ya nyuzi 100 na 120 za Selsiasi wanakunywa chai kwa raha. Kifaa changu kilikuwa kimeishiwa betri, kwa hiyo nikatumia njia ya zamani ambayo hata mabingwa huikubali, nayo ni tone la mate juu ya kichwa cha silinda: likichemka na kukauka ndani ya sekunde mbili tatu, joto ni jema, likirukia mbali papo hapo, injini inaungua, likikaa limetulia, bado imelowa. Ami alinitazama nikiinama, nikitema, nikihesabu kwa midomo, nikitikisa kichwa, nikizungusha bisibisi kwa kadiri isiyoonekana kwa macho, kisha nikitema tena. Akamgeukia mzee aliyekaa karibu naye na kumwambia, kwa sauti ambayo alidhani ni ya chini, "Huyu mtoto nimemsomesha kwa jasho langu, naye amekwenda kuwa mganga."

Hatimaye nikaipata. Gari lilikuwa likitoka kwenye kona kwa nguvu, likiacha nyuma yake utepe wa moshi ulionyooka, na nilipolisimamisha, sailensa ilitulia bila kupanda wala kushuka. Nikalizima, nikalifunika kitambaa, nikaitwa kwenye kikao cha madereva kusomewa masharti ya mbio.

Yaliyotokea nyuma yangu niliyajua baadaye kutokana na ushahidi wa wazee, ambao hawakuona sababu yoyote ya kuyaficha. Ami alisogea kwenye meza yangu, akalifunua gari, akaitafuta skrubu ya mafuta kwa uzoefu wa umri wake, akaibana robo nzima ya mzunguko. Kisha akaiona sindano ya pili na, kwa kuwa ni mtu mwenye insafu, akaibana na hiyo pia ili isijione imebaguliwa. Akafunika kitambaa kama kilivyokuwa, akarudi mkekani na kumimina kahawa.

Kengele ilipolia nilikuwa nimeshapanda kwenye jukwaa la madereva, na msaidizi wangu akaliweka gari juu ya sanduku la kuwashia. Liliwaka kwa shida, jambo ambalo nililiwekea udhuru wa upepo. Lakini lilipoachiwa, mashallah, sijawahi kuliona gari lile likikimbia namna ile. Lilizipita gari mbili kabla ya mruko wa kwanza, likaruka milima miwili kwa mpigo mmoja, na sauti yake ikawa nyembamba, kali na ya juu, kama ya mbu aliyepewa kipaza sauti. Watu wakaanza kupiga makofi. Kule mkekani ami alikuwa amesimama, mikono kiunoni, akiwauliza wenzake kama wanaona moshi wowote. Hawakuuona. Mimi pia sikuuona, na hapo ndipo tumbo langu lilipoanza kunisokota, kwa sababu injini hizi, kabla hazijafa kwa ukavu, hukupa dakika chache za nguvu ambazo hukuwahi kuziota.

Mwisho wa njia ndefu niliachia mafuta ili nikate kona. Gari halikuachia. Injini iliyokosa mafuta kwenye sailensa hubaki juu hata baada ya kabureta kufungwa, na klachi yake, ambayo hukamata kwa mzunguko peke yake, haina habari kwamba dereva amebadili nia. Nilikanyaga breki kwa kidole, lakini lilikuwa limeshafika kwenye ukingo wa uwanja. Likapanda ukingo, likapaa, likapita juu ya kamba ya watazamaji kwa utulivu wa ajabu, likatua chali katikati ya sinia la haluwa.

Gari la udongo lililolala chali huku injini ikilia kwa juu, magurudumu yote manne yanazunguka, na matairi yake yana meno ya mpira yaliyotengenezwa kwa kazi maalumu ya kurusha udongo nyuma. Haluwa ya Oman, msomaji anajua, ni nzito, ina samli, ina zafarani, na inanata. Wazee walikuwa wamevaa kanzu nyeupe zilizopigwa pasi kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Sitasema zaidi ya hapo.

Ami peke yake hakukimbia. Alilirukia gari kwa ushujaa wa fundi mkuu, akapaza sauti, "Ng'oeni waya wa plagi!" Waya haukuwepo. Plagi ya injini hizi, mtindo ambao Mmarekani Ray Arden aliueneza katika miaka ya 1940, ina uzi mwembamba wenye platinamu ambao huwashwa kwa betri wakati wa kuanzia tu. Betri ikishaondolewa, methanoli yenyewe na joto la mgandamizo huuweka ukiwa mwekundu. Hakuna swichi, hakuna ufunguo, hakuna cha kung'oa. Nikiwa bado nashuka ngazi za jukwaa nilimpigia kelele, "Ami, bana mpira wa mafuta!"

Akaubana. Sasa, ukikata mafuta ya injini hii haizimiki mara moja, bali hukauka kwanza, na inapokauka hupandisha mzunguko kwa sekunde kadhaa kabla ya kufa. Ami aliposikia ukelele ukizidi chini ya mikono yake alidhani ameichokoza, akaachia. Mafuta yakarudi, ikashuka kidogo. Akajipa moyo, akabana, ikapanda, akaachia. Nilipofika walikuwa wameshaingia katika mtindo wa kuitikiana, yeye akisoma uradi na injini ikijibu kwa juu. Nilitafuta kitambaa cha kuzibia ekzosi, sikukipata. Mkekani palikuwa na kofia moja tu iliyosalimika, ya kiua, iliyodariziwa kwa mkono, nayo ilikuwa ya ami. Niliikunja nikaisukumiza kwenye mdomo wa ekzosi, injini ikaguna, ikanyamaza.

Tulipolifungua gari, uzi wa plagi ulikuwa haupo kabisa. Pistoni za injini hizi hazina ringi. Hutegemea silinda iliyofinywa kidogo upande wa juu, ndiyo maana injini nzima ikiwa baridi hukwama inapofika kileleni mpaka uisukume kwa nguvu. Ami aliuzungusha mkono wa injini kwa kidole kimoja, ukazunguka bila kikwazo chochote, naye uso wake ukang'aa. "Laini," akasema. "Asubuhi ilikuwa inakwamakwama." Nilimjulisha kwamba ule mkwamo ndio uliokuwa mali, na kwamba sasa nahitaji pistoni, silinda na plagi, na pengine mkono wa pistoni kwa tahadhari. Akafikiri kidogo. "Lakini umekiri mwenyewe kwamba haukutoka moshi."

Shauri likapelekwa mbele ya wazee pale pale, ingawa mahakimu walikuwa wakijipangusa. Waliamua kwamba ami aliyegusa sindano alipe spea za injini, na mimi mwenye gari nilipe haluwa na gharama za dobi kwa kanzu zote. Niliona haki imetendeka, nikanyoosha mkono ili tuagane. Ndipo ami akaitoa ile kofia mfukoni, ikiwa na tundu jeusi katikati, akaitandaza juu ya mkeka na kuwaeleza ni miezi mingapi ya sindano na uzi iliyoshonwa humo, nani aliyeishona, na katika arusi gani aliivaa kwa mara ya kwanza. Wazee wakaipitisha mkono kwa mkono, wakasikitika, wakakaa tena kupiga hesabu. Walipomaliza, spea zilikuwa zimefutwa zote, haluwa na dobi vimebaki kwangu, na bado nilikuwa nadaiwa na ami riali kumi na mbili.